Chombo Kinacholika: Somo la Ubunifu kwa Mwani, Muhogo na Nta katika Shule za Nyanda za Juu za Kigoma

Makala haya yanakusudia kueleza namna tulivyoliandaa somo moja la sayansi na stadi za kazi, na namna wanachuo wetu walivyolifundisha katika shule za msingi za Nyakitonto, wilayani Kasulu, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mada yenyewe ni utengenezaji wa vyombo vya chakula kutokana na mwani: sahani, bakuli, vikombe na vijiko ambavyo mlaji aweza kuvila baada ya mlo, au kuvitupa shambani vikaoza.

Mwalimu yeyote makini atauliza mara moja: mwani na Nyakitonto wapi na wapi? Kutoka Kasulu hadi Bahari ya Hindi kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,000, na wengi wa watoto tuliowafundisha hawajapata kuiona bahari. Twalikubali swali hilo, na sehemu kubwa ya makala haya ni jibu lake. Iwapo zana ya kufundishia yatoka mbali, hatuna budi kuonyesha kwamba tatizo linalotatuliwa liko mlangoni.

Tatizo hilo liko mlangoni kweli. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka kadhaa; Rwanda, jirani zetu wa karibu, ilifanya hivyo mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Lakini katazo letu lilihusu mifuko ya kubebea, si sahani wala vikombe. Kwa hiyo katika magulio, harusi na misiba ya nyanda hizi, vyombo vyepesi vya plastiki na visanduku vya foamu vimeendelea kuenea, na jioni huchomwa pamoja na majani makavu. Moshi huo mweusi kila mwanafunzi anaujua. Ndio tulioanzia.

Kutoka linalojulikana

Kanuni ya kale ya ufundishaji hutuagiza tuanze na lile analolijua mwanafunzi. Mwanachuo mmoja alianza somo lake kwa kuandika ubaoni maana ya mwani, jina lake la kisayansi na sehemu zake. Dakika 15 zikapita, watoto wakanakili, na hakuna aliyeinua mkono. Mwenzake, katika darasa la jirani, alianza kwa swali: “Nani kati yenu amewahi kula kijiko?” Darasa likacheka. Kisha akawaomba waonyeshe kwa mikono namna wanavyokula ugali wa muhogo kwa mchuzi wa migebuka. Kila mtoto akafinyanga tonge la hewa, akabonyeza kwa kidole gumba, akateka mchuzi usioonekana. Hapo mwanachuo akawaambia: lile tonge lenye shimo ni kijiko, nanyi mmekuwa mkikila tangu utoto.

Twasema bila kusita kwamba utangulizi huo ulitosha kulibeba somo zima. Kutoka hapo wanafunzi wenyewe walitaja jani la mgomba, ambalo hufungia chakula na kisha huliwa na mbuzi. Mwalimu aweza kuongeza mifano ya mbali kidogo: injera ya Ethiopia, ambayo ni sahani, kijiko na chakula kwa wakati mmoja, au koni ya aiskrimu, iliyopata umaarufu katika maonyesho ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Chombo kinacholika, basi, si jambo geni lililoletwa na wataalamu wa leo. Kilicho kipya ni malighafi, na haja ya kukifanya chombo hicho kihimili mchuzi na safari.

Mambo ayajuayo mwalimu kabla ya kuingia darasani

Hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa mada hii hufundishwa vibaya pale mwalimu anapojua jina la mwani tu.

Mwani ni jamii kubwa ya viumbe vya majini vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini visivyo na mizizi, shina wala majani ya kweli. Ipo ya kijani, ya kahawia na myekundu. Inayotuhusu zaidi ni myekundu, kwani ndiyo inayolimwa katika pwani yetu. Utafiti wa mwani wa Tanzania ulipewa msukumo mkubwa tangu miaka ya 1970 na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha kikaenea Pemba na pwani ya Bara. Mambo huchomekwa ardhini katika maji mafupi, kamba hufungwa kutoka mambo hadi mambo, na vipande vya mwani huning'inizwa kwenye kamba. Kazi hufuata maji ya bamvua, bahari inapokupwa sana. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa na kuanikwa. Wakulima wengi, kwa tofauti kubwa, ni wanawake.

Aina mbili ndizo zilizotawala. Ya kwanza ni Eucheuma denticulatum, ambayo wakulima huiita spinosamu. Ya pili ni Kappaphycus alvarezii, yaani kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haistahimili maji yanapopata joto. Tangu mwanzoni mwa karne hii imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya Zanzibar, na wanawake wamebaki na spinosamu yenye bei ya chini. Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ameshughulika kwa miaka mingi na suala hilo, pamoja na kuwafundisha wakulima kulima kotonii katika maji yenye kina zaidi, na kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine za mwani badala ya kuuza mwani mkavu tu.

Tofauti ya aina hizi mbili si ya bei peke yake, na hapo ndipo somo la ubunifu linapoanzia. Zote mbili zina ute uitwao karajini, ambao huyeyuka katika maji ya moto na kuganda yakipoa. Lakini karajini ya kotonii, iitwayo kapa, huganda ikawa ngumu na yenye kuvunjika, hasa ikipata potasiamu. Karajini ya spinosamu, iitwayo ayota, huganda ikawa laini na yenye kunyumbuka, hasa ikipata kalisi. Mwenye kutaka bakuli gumu atatamani kotonii. Mwenye kutaka kifungio chepesi atachagua spinosamu. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili hatauliza tena “mwani hufanya nini”, bali “mwani upi, kwa kazi ipi”.

Nyanda za Kigoma zina jambo lake la kuchangia. Potasiamu imo kwa wingi katika majivu, hasa ya maganda ya ndizi. Maji ya majivu yaliyochujwa, ambayo bibi zetu hulainishia maharage na mboga, ndiyo hayo yanayouimarisha ute wa kotonii. Tuliwaona wanafunzi wakitikisa vichwa kwa mshangao walipotambua kwamba elimu ya jikoni kwao inaingia katika kemia. Maji hayo yatumike kidogo sana, kwani ni makali kwa mdomo na mikono.

Kazi yenyewe

Mwani mkavu tuliuagiza kutoka Pwani. Gunia dogo hutosha madarasa mengi, na mwani ukihifadhiwa pakavu hukaa muda mrefu. Huoshwa mara tatu au nne ili mchanga na chumvi vitoke, kisha hulowekwa usiku kucha. Kwa gramu 100 za mwani tulitumia lita 2 za maji, tukachemsha kwa saa moja na nusu huku tukikoroga, hadi mwani ukalegea na maji yakawa mazito. Walimu wakumbuke kwamba katika mwinuko wetu maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, hivyo muda huongezeka. Ute huchujwa kwa kitambaa cha pamba ukiwa bado wa moto, ukipoa hautapita.

Ute peke yake, ukikauka, huwa utando mwembamba unaojikunja na kusinyaa. Bakuli la ute mtupu halisimami. Kwa hiyo tuliongeza wanga wa muhogo, uliokorogwa kwanza katika maji baridi, tukapika tena hadi mchanganyiko ukavutika. Muhogo mchungu usiolowekwa una sumu, na hili lisemwe waziwazi darasani. Wanga utoke katika muhogo ulioandaliwa kama unavyoandaliwa kwa ugali. Mchanganyiko ulipakwa kwa tabaka mbili au tatu juu ya mgongo wa kibakuli kilichopakwa mafuta, ukaanikwa kivulini penye upepo, kisha juani. Wakati wa kiangazi siku tatu zilitosha. Wakati wa mvua, afadhali mwalimu afundishe mada nyingine.

Chombo kilichokauka hivyo hupasuka kirahisi. Viwandani hutiwa gliserini ili kinyumbuke. Sisi tuliongeza asali kidogo, kwani sukari zake hushika unyevu na kulainisha. Bakuli zikanyumbuka vizuri, na asubuhi yake tulizikuta zimezingirwa na sisimizi. Wanafunzi walifurahi mno, lakini swali likazaliwa ambalo hakuna mwanachuo aliyelitia katika andalio la somo: chombo kinacholika na mtu, kitazuiwaje kisiliwe na wengine kabla yake? Hili ni swali halisi la wabunifu wote wa vyombo hivi duniani. Chombo cha kula chahitaji kuhifadhiwa kama chakula, mbali na panya, wadudu na unyevu. Na mara nyingi kifungashio chake huwa, kwa kejeli ya mambo, plastiki.

Maji, moto na nta

Ugumu mkubwa kuliko wote ni maji. Vitu vinavyooza upesi ni vile vinavyokubali maji, na chombo cha chakula chatakiwa kiyakatae maji. Mbunifu amebanwa katikati. Bakuli zetu za kwanza zilitiwa mchuzi wa maharage wa vuguvugu. Kabla kipindi cha dakika 40 hakijaisha zilikuwa zimevimba na kulegea chini. Zilizotiwa chai ya moto ziliyeyuka mbele ya macho ya darasa, kwani karajini iliyoganda hurudi kuwa ute inapopata joto.

Kazi ya mwalimu katika hatua hii ni kuuzuia ulimi wake. Wanachuo wengi huona bakuli limelegea, nao hukimbilia kutoa jibu au kulificha bakuli. Tuliwaagiza wanyamaze, wawape wanafunzi karatasi, na wawaombe waandike mambo mawili: kilichotokea, na kitu chochote cha nyumbani kinachokataa maji. Majibu yalikuwa mafuta ya mawese, mafuta ya ng'ombe, utomvu wa mti, nta. Neno nta lilitoka katika vikundi vitatu bila kuambizana. Si ajabu, Kasulu na Kibondo ni nchi ya misitu ya miombo na mizinga, na watoto wengi wana baba au babu mrina asali.

Nta ya nyuki huliwa bila madhara na huoza. Tuliiyeyusha katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwani hushika moto. Bakuli kavu likachovywa haraka na kutolewa. Maji baridi yakakaa humo kipindi kizima bila kuvuja. Mtindi ukakaa. Lakini nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na chai iliyotoka jikoni huzidi nyuzi 80. Basi wanafunzi wakafikia wenyewe hukumu ambayo twaiona ni tunda bora la somo zima: chombo hiki ni cha mtindi, matunda, karanga, ugali na samaki mkavu, si cha chai wala mchuzi uliotoka motoni. Mwanafunzi anayeweza kutaja kazi ambayo kifaa chake hakiiwezi ameshaanza kuwa mbunifu.

Yafaa wajue pia kwamba wenzao wa mbali wamekumbana na mipaka hiyohiyo. Kampuni ya Evoware ya Indonesia, nchi inayolima mwani mwingi sana, ilijulikana kwa vikombe vya mwani vya vinywaji baridi. Kampuni ya Notpla ya Uingereza hutumia mwani kutengeneza vifuko vya kinywaji. Mwaka 2019 wakimbiaji wa mbio ndefu za London walipewa vifuko hivyo, na mwaka 2022 kampuni hiyo ilipata tuzo ya Earthshot. Hakuna aliyeanza na kikombe cha chai.

Je, kweli kiliwe?

Wanafunzi watataka kula, na mwalimu awe na jibu kabla ya siku hiyo. Bakuli lililoshikwa na mikono 50, likaanikwa nje kwa siku tatu, tusilile. Tulitenga vipande vidogo vilivyopikwa na kukaushwa jikoni kwa usafi, vikaonjwa. Ladha ilikuwa hafifu, yenye chumvi kidogo. Mvulana mmoja alisema yafanana na ugali uliosahauliwa kwenye sufuria, hatukuweza kumpinga.

Mambo mawili ya afya yasiachwe. La kwanza, mwani una madini joto, na sehemu zilizo mbali na bahari ndizo ambazo zamani zilisumbuliwa zaidi na rovu. Wanachuo wengine walitaka kulitangaza bakuli kuwa kinga ya rovu. Tuliwakataza. Kiasi cha madini hayo hutofautiana sana kwa aina ya mwani na kwa namna ulivyooshwa na kuchemshwa. Kinga ya kutegemewa ni chumvi yenye madini joto. La pili ni zito zaidi. Mtoto aliyejifunza kwamba mwani huliwa aweza kwenda bwawani au mtoni, akaokota ukoga wa kijani, akaupika. Baadhi ya viumbe vya kijani-buluu vya maji baridi vina sumu inayodhuru ini na mishipa ya fahamu, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Ni kweli kwamba watu wa kandokando ya Ziwa Chad hukausha na kula aina moja ya viumbe hivyo, waiitayo dihe. Hao wana ujuzi wa vizazi vingi juu ya aina hiyo moja. Mwalimu wa Kigoma asimalize kipindi bila kusema: wa bwawani hauguswi.

Swali la biashara

Msichana wa darasa la sita aliuliza kwa nini mwani hulimwa Zanzibar na vyombo vikatengenezwa Ulaya. Mwanachuo alitaka kuliahirisha swali hilo kwa madai kwamba si la sayansi. Twaona ni la sayansi na ni la stadi za kazi pia. Sehemu kubwa ya mwani wetu husafirishwa ukiwa mkavu tu, karajini ikatolewa ng'ambo, na faida kubwa ikabaki huko. Kazi ngumu ya mwanamke anayesimama majini tangu alfajiri ndiyo sehemu inayolipwa kidogo kuliko zote. Tuliporudisha swali kwa darasa, wanafunzi hawakukawia kuona mfano wa kwao: muhogo unaouzwa kwa gunia, na nta ambayo warina wengine huitupa baada ya kukamua asali. Majadiliano yalimeza nusu ya kipindi kilichofuata, nasi hatukuyakatisha.

Jaribio la shimo

Neno kuoza hutumiwa ovyo katika matangazo ya bidhaa, kwa hiyo lipimwe. Plastiki iliyopasuka vipande vidogo haikuoza, imegawanyika tu. Hata baadhi ya vyombo vinavyouzwa kwa sifa ya kuoza huhitaji joto la mitambo maalumu ya mboji. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 hutaka asilimia 90 ya kitu iwe imeoza ndani ya miezi 6, lakini katika mazingira hayo ya mitambo, si katika shamba la maharage.

Tulichimba shimo la kina cha sentimeta 20 nyuma ya darasa, tukalaza humo kipande cha bakuli la mwani na muhogo kisichopakwa nta, kipande kilichopakwa nta, kipande cha jani la mgomba na kipande cha sahani ya plastiki, kila kimoja kikiwa kimefungwa katika neti kuukuu ili kisipotee. Kila Ijumaa kikundi kimoja kilifukua, kikachora na kuandika. Kipande kisicho na nta kilitangulia kutoweka, hata kabla ya jani la mgomba. Chenye nta kilichelewa. Cha plastiki kilitoka vilevile kila wiki, nao wanafunzi wakakipa jina la mzee.

Daftari za shimo ndizo tulizozisahihisha kwa alama, si uzuri wa bakuli. Mwanafunzi aliyechora kwa uaminifu bakuli lililopasuka apewe zaidi ya yule aliyeandika kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Kwa shule zinazoanza jaribio hili kati ya Juni na Septemba, shimo limwagiliwe ndoo moja ya maji kila baada ya siku mbili, kwa kuwa katika udongo mkavu hata jani la mgomba hukaa bila kubadilika, na wanafunzi watahitimisha kwamba hakuna tofauti kati ya jani na plastiki.